Namna ya kumuuguza mtoto mchanga anayeharisha na kupungukiwa maji

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja anapoharisha, hatari kubwa ni maji na chumvi zinazomtoka, na kwa kuwa mwili wake ni mdogo, saa chache tu zinatosha kumlegeza. Muuguzi anayempokea amtazame kwanza akiwa mikononi mwa mama yake: ana fahamu, anahangaika, au amelala tu? Macho yamedidimia? Ampe maji kwa kijiko aone kama anayagombania au anashindwa kumeza. Kisha afinye ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, aishike kwa sekunde moja na kuiachia. Ngozi ya mtoto asiyepungukiwa maji hurudi papo hapo. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Kwa mwenye utapiamlo mkali kipimo hiki hudanganya, na maji yake hupangwa kwa utaratibu wa pekee.

Mtoto anayehangaika, mwenye macho yaliyodidimia, lakini bado anakunywa, apimwe uzito bila nguo na kupewa ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa) mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Mwenye kilo 6 atahitaji mililita 450, yaani vijiko vya chai 90 hivi. Ni kazi ya kuchosha, na mama aliyekesha siku mbili hawezi kuachiwa kikombe na kuambiwa aendelee mwenyewe. Kaeni naye, mpokezane kijiko. Mtoto akitapika, subirini dakika 10, kisha mwendelee polepole zaidi. Maziwa ya mama yasikatizwe wakati wote huo.

Soma pakiti ya ORS kabla ya kuchanganya, kwa sababu zipo za lita moja na za nusu lita, na mchanganyiko uliozidi chumvi unaweza kumletea mtoto degedege. Unaobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Aliyelegea au asiyeweza kunywa anahitaji dripu ya Ringer Lactate, yaani maji yenye chumvi yanayopitishwa mshipani, bila kuchelewa: mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, kisha mililita 70 kwa kila kilo katika saa 5 zinazofuata, huku mapigo na upumuaji vikikaguliwa mara kwa mara. Nepi ipimwe ikiwa kavu na tena ikiwa imelowa. Kila gramu iliyoongezeka huhesabiwa kuwa mililita moja iliyotoka, nayo iandikwe kwenye chati. Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba, damu kwenye kinyesi, au umri wa chini ya miezi 2, ni sababu ya kumwita daktari mara moja.

Nawasihi wauguzi wenzangu wa Tanzania waulize pia, kwa upole, kama fizi za mtoto zimekatwa ili kung'oa yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo wengine huamini ndiyo yanayomharisha mtoto. Hayo ni meno halisi ambayo hayajachomoza, na jeraha lake huleta damu na maambukizi kwa mtoto ambaye tayari amedhoofika. Mama asikaripiwe, maana akiogopa ataficha.

Kabla ya kuruhusiwa, mama apewe zinki ya siku 10 hadi 14 kwa kipimo kilichoandikwa, kisha achanganye pakiti moja ya ORS kwa mikono yake mwenyewe, muuguzi akimtazama.