Kabla Hujakubali Kisu kwa Maumivu ya Korodani

Korodani yangu ya kushoto iliniuma miezi 14. Daktari wa kwanza aliniambia tuiondoe tu. Namshukuru Mungu sikutia saini siku ile.

Maumivu yakikushika ghafla na kwa ukali, usisubiri: kimbilia hospitali. Korodani iliyojisokota huokolewa vizuri zaidi ndani ya saa 6. Ninayoeleza hapa yanahusu maumivu ya miezi 3 na kuendelea.

Chanzo kitafutwe kwanza. Mkojo upimwe, ultrasaundi ifanyike, ngiri iangaliwe, na figo na mgongo pia, kwa sababu maumivu ya huko hushukia chini. Kama uliwahi kufunga kizazi, sema, usione haya.

Chanzo kisipoonekana na dawa zikishindwa, omba sindano ya ganzi kwenye kamba ya korodani, yaani fungu la mishipa linaloshuka hadi kwenye korodani, pale kinenani. Hiki ndicho kipimo ambacho daktari wangu wa kwanza hakukitaja kabisa. Nilikuwa naandika maumivu daftarini, sifuri hadi 10. Kabla ya sindano niliandika 7. Nusu saa baadaye, 1. Nililia. Jioni ganzi iliisha na maumivu yakarudi, lakini jibu tulikuwa nalo: neva, yaani mishipa ya fahamu, za kwenye ile kamba ndizo zinazoyabeba, na kuzikata kungeweza kunisaidia. Maumivu yasiposhuka hata kwa nusu, huenda upasuaji huu haukufai.

Upasuaji wenyewe hufanywa kupitia mkato mdogo kinenani, kwa hadubini. Neva hukatwa; mshipa unaolisha korodani damu huachwa, na mirija ya limfu, ile inayoondoa majimaji, pia. Muulize daktari wako waziwazi: unatumia hadubini? Umeshafanya upasuaji huu mara ngapi? Mshipa ule ukidhurika, korodani husinyaa. Limfu zikikatwa, maji hujaa na ukapata busha.

Baada yake, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, vaa chupi ya kubana, na usinyanyue kitu kizito mpaka daktari akuruhusu. Mimi nilivimba wiki nzima na nikaogopa sana, kumbe ulikuwa uvimbe wa kawaida. Nafuu ya kweli niliiona wiki ya 6. Leo daftari linasoma sifuri siku nyingi, 2 nikikaa sana.

Si wote wanaopona hivi. Hata hivyo, kuondoa korodani kuwe njia ya mwisho kabisa, maana wapo walioondolewa na maumivu yakabaki palepale.