SOMO: Kubadili prosesa na madabodi ya kompyuta ya nyumbani kwa bajeti ndogo

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Naliweka somo hili hapa ili anayeuliza tena "niweke prosesa gani mashine iwe nyepesi?" nimwelekeze huku. Tangu Windows 10 iachwe bila masasisho ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, swali limezidi, na wengi wanaouliza wana mashine za aina moja: Dell OptiPlex au HP ya ofisi, mtumba, kizazi cha nne. Soma mpaka mwisho kabla hujatuma hela Kariakoo.

Hatua ya 1. Jua ulichonacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha nakili jina la prosesa na jina la bodi. Namba inayofuata i3, i5 au i7 inakupa kizazi: i5-4570 ni cha nne, i5-8400 ni cha nane. Ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: i3-12100 ni cha kumi na mbili.

Hatua ya 2. Amua: bodi na prosesa, au prosesa peke yake? Hela nyingi zinapotelea hapa. Kizazi cha pili na cha tatu hukaa soketi (kiti cha prosesa kwenye bodi) LGA1155, cha nne LGA1150, cha sita na cha saba LGA1151. Cha nane na cha tisa nacho ni LGA1151, lakini kinataka bodi za familia ya 300. Ukiweka i5-8400 kwenye bodi ya H110 itakaa vizuri kabisa, ila haitawaka. Muuzaji atakuonyesha kwamba "imeingia", na kwa kuingia hajakudanganya.

Sasa mashine za ofisi. OptiPlex 9020 ina pawa saplai yenye plagi kuu ya pini 8, wakati bodi za kawaida za madukani zinataka pini 24. EliteDesk 800 G1 ina pini 6. Kitufe cha kuwashia kina plagi ya kampuni yenyewe, na matundu ya skrubu yanaweza yasilingane. Kwa hiyo kubadili bodi maana yake ni kununua bodi, prosesa, RAM, pawa saplai na kesi, yaani kompyuta nzima. Ushauri wangu kwa wenye kizazi cha nne: tafuta i7-4770 ya mtumba, ongeza RAM, weka SSD (diski ya kasi, isiyozunguka). Na kama bado unatumia hadi diski (ile ya zamani inayozunguka, HDD), anza na SSD kabla ya vyote. Mashine nyingi zinazolaumiwa prosesa zinacheleweshwa na diski. Ila jua kwamba hata i7 hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo inaanzia kizazi cha nane kwa Intel. Unayeitaka Windows 11 kwa njia rasmi, uza mashine ikiwa inawaka, ongeza hela, chukua ya ofisi yenye i5-8500. Utapumzika.

Hatua ya 3. Kama kesi yako ni ya kawaida, nunua seti: prosesa, bodi na RAM kwa pamoja. Kwa bajeti ndogo napenda njia mbili. Ya kwanza ni Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD, kwenye bodi ya A520 au B450. Ya pili ni i3-12100 kwenye bodi ya H610 inayotumia RAM ya DDR4. Zote zina picha ndani yake, yaani zinaonyesha kwenye kioo zenyewe, hulazimiki kununua kadi ya picha. RAM zako za DDR3 hazitaingia, usizilazimishe. Soma herufi ya mwisho: 12100F haina picha, na Ryzen 5 5600 isiyo na G haina picha.

Hatua ya 4. Nakili mafaili yako nje. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows), hifadhi ufunguo wake kabla hujagusa skrubu.

Hatua ya 5. Chomoa umeme, piga picha waya zote, toa bodi ya zamani. Feni ya prosesa usiing'oe ikiwa ya baridi. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na feni) inakuwa ngumu, na kwenye AM4, soketi ya Ryzen hizi, ukivuta feni inatoka na prosesa yake, pini zinapinda. Kwa hiyo, kabla ya kutoa bodi, washa mashine dakika kumi, izime, chomoa, kisha zungusha feni taratibu kushoto na kulia mpaka iachie.

Hatua ya 6. Kuweka prosesa. Bodi nyingi ninazoletewa zimefia hapa. Kwenye Intel pini ziko ndani ya soketi, nyembamba, na ukizigusa hata kwa kitambaa zinapinda. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Tafuta alama ya pembetatu kwenye kona ya prosesa, ilinganishe na ya soketi, kisha iachie ishuke kwa uzito wake. USIIKANDAMIZE. Kama haijakaa sawa, inyanyue, tazama upya. Intel: kile kifuniko cha plastiki kiache, kitaruka chenyewe ukifunga mkono wa chuma, na ukitunze, maana ukirudisha bodi dukani bila hicho hawapokei. Mkono wa chuma wa Intel unahitaji nguvu kidogo na unatoa mlio. Hiyo ni kawaida. Na msimu wa kipupwe, hewa ikiwa kavu, vua sweta la sufu na usifanyie kazi juu ya blanketi. Gusa chuma kitupu cha kesi kila unaporudi kushika bodi.

Hatua ya 7. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Feni ya LGA1150 au 1151 haikai kwenye LGA1700, matundu yana milimita 78 badala ya 75. Nunua prosesa yenye feni yake.

Hatua ya 8. Bodi ikiwa na nafasi nne, RAM mbili zikae ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Hatua ya 9. Jaribu nje ya kesi, juu ya boksi la kartoni. Chomeka plagi ya pini 24 NA ile ya pini 4 au 8 iliyo jirani na prosesa. Hii ya pili husahaulika sana: feni zinazunguka, kioo kimya. Ikiwaka, ndipo uifunge kwenye kesi.

Hatua ya 10. Piga Windows upya.

MASWALI

Mdau, Mwanjelwa: Mkuu nina i5, niweke prosesa gani?

Jibu: Hatua ya 1. Rudi na jina la bodi.

Mdau, Mafinga: Kamwene kaka. Nimefunga Ryzen 5 5600 kwenye B450, feni zinazunguka, picha hakuna. Pini 8 nimechomeka. Ningependa kujua sababu, si dawa tu.

Jibu: Kamwene. Umeuliza vizuri. Kwanza, 5600 haina picha, kwa hiyo waya wa kioo uchomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi. Kama huna kadi, umepata jibu. Kama unayo, tatizo ni baiosi, ile programu ndogo ya bodi inayowasha mashine. B450 zilitoka mwaka 2018, Ryzen 5000 zikaja mwishoni mwa 2020, hivyo bodi yenye baiosi ya zamani haiitambui prosesa hiyo. Azima Ryzen ya 2000, washa nayo, sasisha baiosi, kisha rudisha yako. Bodi nyingine zina kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa, tazama nyuma. Fanya ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiamke tena.

Mdau, Mwanjelwa: Mbona mkali? Nimesema ni i5.

Jibu: Sina ukali, ndugu yangu. i5 ya kwanza ilitoka 2009 na nyingine zimetoka miaka mingi baada yake. Nikikutajia prosesa kwa kubahatisha, hela itakayopotea ni yako.

Mdau, Makambako: CPU yangu ni EliteDesk 800 G1. Fundi anasema atakata kesi ili bodi ya H610 iingie, na pawa saplai inabaki ileile.

Jibu: Dada, sema asikate. Pawa saplai hiyo haina pini 24. Kuna vibadilishi vya waya, lakini vingi vimetengenezwa kuwezesha pawa saplai ya kawaida kuingia kwenye bodi ya HP, si kinyume chake. Mwambie akutafutie i7-4770 na SSD, na hela ya kumpa nauli bado itakubakia.

Mdau, Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Huku mvua na radi haziishi. Stabilaiza inatosha kulinda bodi mpya?

Jibu: Haitoshi. Stabilaiza inasawazisha umeme unaopanda na kushuka, radi haiizuii. Mawingu yakikusanyika, chomoa plagi ukutani, na chomoa pia waya wa intaneti. Wengi wanasahau huo wa pili, na bodi zinaungulia kwenye tundu la mtandao. Kuhusu unyevu, iwashe mara kwa mara, usiifungie kwenye nailoni miezi mitatu.

Mdau, Iringa: Nimeshabadili kila kitu, nimebaki na RAM za DDR3 na i5-4590. Nitupe?

Jibu: Usitupe. Kuna watu wengi wenye i3 za kizazi cha nne wanaosoma hapa hapa. Piga picha zote mbili, andika ukubwa wa RAM, na uanze na yule wa Mwanjelwa akishatuma jina la bodi.

Mdau, Mwanjelwa: Nimeangalia. Inasema OptiPlex 3020, i5-4570, RAM 4, hadi diski.

Jibu: Safi sana. Prosesa yako haina tatizo, iache. SSD ya GB 240 na RAM ifike 8. Mcheki wa Iringa kwa RAM.