Kujiunga na Klabu ya Mfano wa Umoja wa Mataifa Chuoni

Klabu hizi, ambazo wanafunzi wengi huziita MUN, huigiza vikao vya Umoja wa Mataifa, kila mwanafunzi akiwakilisha nchi aliyopewa. Kwa kawaida huandikisha wanachama katika wiki za mwanzo za mwaka wa masomo. Aliyechelewa na amwendee mlezi wa klabu au Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Kabla ya kulipa ada, omba kuhudhuria kikao kimoja kama mtazamaji. Usivutiwe na yule anayehutubia kwa mbwembwe, bali tazama ni nani anayezungukwa na wenzake wakati wa mapumziko, kwa kuwa maazimio mengi huandikwa hapo.

Ukikubaliwa, chagua kamati, yaani chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoigizwa, inayomfaa mgeni. Baraza Kuu lina nchi wanachama 193 na kila nchi ina kura moja, kwa hiyo makosa yako hayataonekana sana. Baraza la Usalama ni gumu zaidi: lina wajumbe 15, na azimio lisilohusu taratibu za kikao huhitaji kura 9 bila ya kura ya turufu ya China, Marekani, Ufaransa, Uingereza au Urusi.

Kazi kubwa huanza ukishapewa nchi, ambayo huenda usiipende. Chukua mfano wa mjadala wa maji ya Mto Nile. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyepewa Misri atalazimika kutetea mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan, unaoitengea Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, ingawa nchi yake mwenyewe ilitia saini mkataba mwingine wa bonde hilo huko Entebbe mwaka 2010. Asiyeweza kuuweka moyo wake kando kwa siku mbili atateseka bure. Soma hotuba ambazo viongozi wa nchi uliyopewa wametoa katika Baraza Kuu kila Septemba, chunguza ilivyopiga kura, kisha andika waraka wa msimamo wa ukurasa mmoja unaoeleza nchi hiyo inataka nini, inaogopa nini na inaweza kulegeza wapi. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo litakalokupa washirika.

Katika kikao usiseme “mimi”. Sema “ujumbe wa Misri”. Katika rasimu ya azimio, chunga vitenzi: Baraza Kuu kwa kawaida “linapendekeza” au “linatoa wito”, ilhali Baraza la Usalama ndilo lenye uwezo wa “kuamua” jambo likawafunga wanachama wote. Wageni huandika kwamba Baraza Kuu “linaziamuru” nchi, na mwenyekiti huwarudishia karatasi.

Klabu nyingi hujadiliana kwa Kiingereza. Jenga hoja yako kwanza kwa Kiswahili, umsomee mwenzako wa bwenini, na pale atakapouliza “kwa nini?” ndipo pa kurekebisha kabla hujaitafsiri.