Kuwatazama Wanyama kwa Miguu katika Milima ya Shimba

Mkaazi wa Mombasa anayetaka kuwaona wanyama wa mwituni bila kufunga safari ya Tsavo anayo Milima ya Shimba, takriban kilomita 30 kusini-magharibi mwa kisiwa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Hifadhi hiyo ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1968, haiko juu sana, kwani vilele vyake ni vya mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari. Lakini msitu wake ni mzito, na humo sikio na pua hulitangulia jicho.

Matayarisho huanza usiku wa kuamkia safari. Nguo iliyofukizwa udi, ambayo mjini huvaliwa kwa fahari, humfikia tembo puani kabla mvaaji hajatokeza, kwa hiyo iache kabatini pamoja na manukato. Epuka pia rangi ya buluu na nyeusi, kwa sababu huwavuta ndorobo, nzi wafyonzao damu, ambao ni wengi huko na wanauma hasa. Vaa kahawia au kijani kilichofifia, mikono mirefu, na uchomeke suruali ndani ya soksi ili siafu wasipande. Chukua maji ya kutosha na darubini, uinyamazishe simu, na ulipe ada mapema kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, maana langoni fedha taslimu hazipokelewi.

Vuka kivuko mara baada ya swala ya alfajiri, ufuate barabara ya kusini hadi Kombani, kisha ukate kulia kuelekea Kwale. Sababu ya kudamka ni palahala, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, ambaye nchini Kenya haonekani porini isipokuwa hapa. Asubuhi hula kwenye mbuga za nyasi zilizo kati ya msitu, na jua likishakuwa kali hujificha vivulini. Dume ni mweusi mwenye tumbo jeupe na pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma kama jambia. Jike huwa wa rangi ya hudhurungi. Ukimwona, zima injini na ubaki garini, kwa kuwa gari lililotulia halimshtui kama anavyoshtuliwa na mtu aliyesimama.

Matembezi yenyewe ni ya kuteremka kilomita 2 hivi hadi Maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20, mkiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Tembeeni kwa mstari mmoja nyuma yake, bila mazungumzo. Mara ya kwanza nilipokwenda, sote tulikuwa na haraka ya kuyafikia maji, na askari akatusimamisha penye kinyesi cha tembo ambacho sisi tulikuwa karibu kukiruka. Alikipasua kwa kijiti, na ndani kilikuwa bado kinatoa mvuke. Kando yake palikuwa na tawi lililovunjwa, na pale lilipovunjikia pangali na majimaji. Akachota vumbi, akaliachia lidondoke polepole, akaona upepo unatoka kwetu kuelekea bondeni, akaturudisha nyuma hatua kadhaa na kutuambia tungoje. Baada ya robo saa tulisikia matawi yakikatika, kisha majike wawili na ndama wakavuka njia mbele yetu bila kugeuka. Tangu siku hiyo sijapita penye kinyesi bila kukitazama.

Tembo akiinua kichwa, akatandaza masikio na kukukabili, jua umeshamkaribia mno: usikimbie, usipige picha, rudi nyuma taratibu kama askari atakavyoelekeza. Nyati dume aliye peke yake ahofiwe vivyo hivyo. Tembo wa Shimba wanaishi ndani ya uzio, wamezungukwa na mashamba, na mwaka 2005 takriban 150 kati yao walihamishiwa Tsavo Mashariki kwa kuwa walikuwa wamezidi eneo lao. Kwa maoni yangu, kuwaachia njia ndilo deni dogo kabisa tunalodaiwa nao.

Mkifika majini, kaeni chini na mtazame juu. Mbega, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani na asiye na kidole gumba, hula majani yasiyosagika upesi tumboni, kwa hiyo hukaa kimya kwa muda mrefu. Anayemtafuta kwa kungoja atikise matawi atampita. Tafuta mkia mrefu unaoning'inia wima mahali ambapo matawi mengine yamelala. Chakula kisifunguliwe mbele ya nyani, wala wasitupiwe hata ganda la ndizi, kwani nyani aliyezoea kulishwa hupokonya. Anzeni kupanda mapema, kwa sababu mteremko ule ule wa asubuhi unaporudiwa kwenye joto la adhuhuri huchukua muda mrefu zaidi, na aliyechoka huburuta miguu hata wanyama wakamsikia kabla hajawaona.