Jinsi ya kupima nyumbani macho yanavyoidanganya pua

Watu wengi wanaamini pua inajitegemea, yaani harufu ya ndizi ni ya ndizi tu hata uwe unaangalia nini. Si kweli kabisa, na unaweza kujionea mwenyewe hapohapo jikoni kwako kwa hela ndogo tu.

Nenda dukani kwa Mangi nunua arki ya ndizi, ya chungwa na ya nanasi, chukua na rangi za chakula, nyekundu, njano na kijani. Hapa kuwa makini, kuna arki zinakuja na rangi yake tayari na hiyo itakuharibia zoezi zima, tafuta iliyo nyeupe kama maji. Weka maji kwenye glasi sita, kila arki itie kwenye glasi mbili, matone mawili matatu yanatosha maana ikizidi kila mtu ataitambua. Glasi moja ipe rangi yake, ndizi na njano, nyingine ipe rangi ya uongo, ndizi ileile itie nyekundu.

Sasa ita mtu mmojammoja, wakiwa wengi wataambukizana majibu. Anuse tu asinywe, na usimuulize "hii ni ndizi eeh?", muulize "unasikia harufu ya nini?" basi, andika neno lake la kwanza na uangalie kachukua muda gani kujibu. Apumzike kidogo kati ya glasi na glasi maana pua ikishazoea harufu inaacha kuisikia. Mwisho mfunge kitambaa machoni, panga glasi upya, arudie zote.

Mara nyingi kwenye rangi ya kweli anajibu fasta, kwenye nyekundu anasitasita au anakwambia stroberi tena kwa kujiamini. Usimcheke, hadanganyi, ndivyo anavyoisikia.

Kuitaja harufu bila kuona kitu chenyewe ni kazi ngumu kwa binadamu, hata harufu uliyoizoea tangu utotoni, kwa hiyo ubongo unaomba msaada kwenye macho. Mwaka 2003 watafiti Jay Gottfried na Raymond Dolan waliwapima watu kwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, huku wakiwapa harufu na picha kwa pamoja, picha ikiendana na harufu watu waliigundua haraka na kwa usahihi zaidi, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilichangamka. Ila kinachonishangaza zaidi ni jaribio la 2001 kule Bordeaux, Ufaransa, mtafiti Gil Morrot na wenzake walitia rangi nyekundu isiyo na harufu kwenye mvinyo mweupe wakawapa wanafunzi 54 wa mambo ya mvinyo, nao wakaielezea harufu yake kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na hao ndio wanaosomea kunusa!

Kwa hiyo wewe unayeuza juisi au aiskrimu, mteja akisema embe halisikiki, usikimbilie kuongeza arki, iangalie kwanza rangi yako.