Somo: Kumsaka mnyama wa kweli aliye nyuma ya mhusika wa riwaya

Leo tunamfuata mmoja tu: nyangumi mweupe wa Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville ya mwaka 1851. Ukishaijua njia, utaipita mwenyewe kwa farasi au mbwa wa kitabu chochote.

Hatua ya 1. Anza na mwandishi, mnyama baadaye. Melville hakusimuliwa uwindaji wa nyangumi barazani. Januari 1841 alipanda Acushnet, merikebu ya kuwinda nyangumi, huko Massachusetts, Marekani, akaenda nayo Pasifiki kama baharia wa kawaida.

Hatua ya 2. Soma kilichochapishwa kabla ya riwaya. Hapa ndipo penye utamu. Mei 1839, jarida la Knickerbocker la New York lilitoa simulizi ya J. N. Reynolds kuhusu nyangumi dume aliyeitwa Mocha Dick, kwa vile alizoeleka karibu na kisiwa cha Mocha, Chile. Alikuwa mweupe kama sufu (sufu ya kondoo, si sufi ya mito), na kichwani vimeganda vile viumbe vyenye magamba vinavyong'ang'ania matumbo ya majahazi. Siku alipouawa, waling'oa mgongoni mwake vyusa visivyopungua 20, vya wawindaji walioshindwa kumuua, vimeshika kutu ndani ya nyama.

Hatua ya 3. Tenga umbo na tendo. Watu wengi hukosea hapa. Mocha Dick alitoa weupe, ukali, na bila shaka nusu ya jina. Kuzamisha merikebu kulitoka kwa nyangumi mwingine: tarehe 20 Novemba 1820 aliipiga Essex, merikebu ya kisiwa cha Nantucket, Marekani, kwa kichwa, akarudi akaipiga tena. Kati ya mabaharia 20 walipona 8. Mmoja wao, Owen Chase, aliandika kitabu mwaka 1821, na mwanawe ndiye aliyemwazima Melville nakala wakiwa baharini.

Hatua ya 4. Kinachobaki ni cha mwandishi. Kisasi cha Nahodha Ahab, mhusika anayemwinda nyangumi yule riwayani, usikitafute kwa Reynolds.

MASWALI YA WANACHAMA

Kwa hiyo Mocha Dick hakuizamisha Essex?
Hakuizamisha. Essex ilizama katikati ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka Chile.

Melville alimhoji nahodha wa Essex kwanza?
La. Alikutana na George Pollard Nantucket mwaka 1852, kitabu kimeshatoka. Mzee yule alikuwa mlinzi wa usiku wa mji. Kwangu mimi hiyo ni riwaya nyingine kabisa.

Mwalimu, naweza kumsaka Sungura wa hadithi zetu hivi?
Utachoka bure, ndugu yangu. Hatua ya 1 tu itakukwamisha: mwandishi wake nani? Tafuta riwaya yenye mwandishi na mwaka, ndipo urudi tuongee.