SOMO: Kutumia kompyuta ya ol-in-wani kama kioo cha dekoda (someni mpaka mwisho ndio mniulize)

Habari za jioni wadau. Naandika hii kwa sababu nimechoka, wiki hii pekee wamenijia watu wanne na swali lile lile, nitaiunganishaje dekoda na ol-in-wani (ile kompyuta ambayo mashine na kioo ni kitu kimoja) nionee TV, mmoja kaja na mashine juu ya bodaboda imefungwa leso kama mtoto mchanga. Mimi niko Malindi, kazi yangu ni kompyuta, na hapa mjini hizi ol-in-wani hazikosekani, mzungu akifunga nyumba arudi kwao anaiuza bei ya kutupa, mtu anainunua anasema kioo inchi 27 hiki nitaonea mpira. Utauona, lakini kuna njia yake.

1. Geuza mashine, soma maandishi kwenye tundu la HDMI, lile la waya unaobeba picha na sauti. Likiandikwa IN una bahati. Likiandikwa OUT, na mara nyingi hata kama hakuna maandishi yoyote, hilo ni la kutoa picha, halipokei, hata ununue waya wa dhahabu. Zenye IN zipo chache, mfano Dell XPS One 2710 ina IN na OUT zote mbili, ndio maana nasema soma, usikisie.

2. Ukiwa na IN: chomeka dekoda, bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha, kwa kawaida kiko ubavuni au chini ya kioo. Umemaliza, nenda kaangalie taarifa ya habari.

3. Ukiwa na OUT tu: tafuta kapcha kadi, kile kidude kidogo cha HDMI kuingia USB. Dekoda kwenye kidude, kidude kwenye kompyuta. Kompyuta itakiona kama kamera, kwa hiyo jaribu kwanza na programu ya Camera ya Windows. Ukiona picha, endelea.

4. Weka OBS, programu ya bure ya kunasa picha na sauti. Ongeza Video Capture Device, chagua kidude chako. Kujaza kioo chote bonyeza kulia kwenye picha, chagua Fullscreen Projector.

5. SAUTI. Hapa ndipo nilipoaibika. Kwanza mjue OBS haikusikilizishi sauti ya kidude mpaka uiambie: ingia Advanced Audio Properties, kwenye Audio Monitoring weka Monitor and Output. Mimi siku ya kwanza nilikuwa nimeita majirani, mkeka umetandikwa, kahawa iko kwenye dele, picha safi kabisa lakini kimya, watu wanaona mpira wa mabubu. Nikaingia hapo kwa haraka, nikaweka Monitor kwa kila kitu nilichokiona, kumbe mojawapo ilikuwa maikrofoni ya mashine yenyewe, iliyoko pale juu ya kioo karibu na kamera. Maikrofoni ikasikia spika, spika ikasema zaidi, maikrofoni ikasikia zaidi, basi mashine ikapiga yowe mpaka mtoto wa jirani akaamka na paka akaruka dirishani. Nilichomoa waya wa stima ukutani. Mpaka leo wakinipita wananiuliza fundi, leo inalia?
Kwa hiyo: Mic/Aux (ndiyo maikrofoni) izime KABISA kabla ya kugusa Monitor. Chagua sauti ya kidude tu, mara nyingi jina lake lina neno USB au Digital Audio. Na spika uziteremshe chini, upandishe pole pole.

6. Picha nyeusi lakini dekoda inawaka? Mara nyingi hiyo ni HDCP, kinga ya kuzuia picha isinakiliwe. Dekoda inauliza kioo "wewe ni nani", kapcha kadi haina jibu, dekoda inafunga picha. Njia halali ni kutumia waya wa AV, ule wa njano, nyekundu na nyeupe, pamoja na kidude cha AV kuingia USB. HDCP haiko kwenye waya huo. Picha itakuwa hafifu kidogo, kwa taarifa na tamthilia inatosha.

---

Kijana_Barani: Bro nimechomeka HDMI haitaki. Nifanyeje

Mwandishi: Hatua ya 1.

Kijana_Barani: Nimesoma. Imeandikwa OUT. Lakini si tundu ni lile lile, kwani waya una upande?

Mwandishi: Waya hauna upande, tundu ndio lina upande. Umesoma hatua ya 1 au umeipita kama gari la Mombasa?

Bi_Shela: Samahani kaka, mimi si fundi nauliza tu nielewe. Kwa nini wasitengeneze tundu moja lifanye yote mawili?

Mwandishi: Dada hilo swali zuri. Nyuma ya tundu kuna chipu. Ya OUT kazi yake ni kusema, haina masikio. Ya IN inasikia, kisha inahitaji na njia ya kuifikisha ile picha kwenye kioo bila kupitia Windows, hiyo ni gharama nyingine kiwandani, na wanunuzi wengi hawaihitaji. Faida yake ukiipata: mara nyingi hata Windows ikifa kioo bado kinafanya kazi kama TV.

Mzee_wa_iMac: Yangu ni iMac, ol-in-wani ya Apple, ya inchi 27. Itakubali?

Mwandishi: Ya mwaka gani mzee wangu? Za mwisho wa 2009 na za 2010 zinapokea picha kupitia tundu dogo liitwalo Mini DisplayPort, unabonyeza Command na F2, lakini kwa dekoda utahitaji kigeuzi cha HDMI kuingia Mini DisplayPort, uangalie uelekeo wake, vingi madukani vinakwenda kinyume. Kuanzia 2011 mpaka katikati ya 2014 zinataka tundu la aina nyingine, Thunderbolt, dekoda haina, sahau. Za 5K, zile za kioo kikali zaidi, hazipokei picha kabisa.

Mzee_wa_iMac: 2010. Shukran mwanangu, umeniokolea pesa.

Gamer254: PS itacheza kwa hiyo kapcha kadi?

Mwandishi: Itacheza, lakini ukibonyeza leo inapiga kesho. Za bei rahisi picha inachelewa. Kwa TV huoni, kwa gemu utarusha pedi.

Gamer254: Na kile kidude cha kuondoa HDCP je, nasikia kipo

Mwandishi: Hilo sizungumzii hapa. Halafu ukitaka YouTube na filamu za mtandaoni, fungua brauza, kwani hiyo si kompyuta?

Bi_Shela: Kaka mimi nimefuata hatua ya 6, AV, lakini picha haitokei, sauti inakoroma tu.

Mwandishi: Waya wako upande wa dekoda ni ile pini moja nyembamba yenye pete tatu?

Bi_Shela: Ndio hiyo.

Mwandishi: Basi jaribu kuchomeka nyekundu mahali pa njano. Hizo pini kila kampuni ina mpangilio wake, waya wa dekoda moja haufanani na wa nyingine ingawa unaingia.

Bi_Shela: IMETOKEA!! Lakini kuna mistari inatetemeka.

Mwandishi: Uko karibu na bahari?

Bi_Shela: Mawimbi nayasikia kitandani.

Mwandishi: Chomoa, angalia pini, ukiona ukijani ni kutu iliyoletwa na chumvi. Futa kwa spiriti na pamba, ikauke kabisa, chomeka tena. Na antena juu ya paa uifanyie hivyo hivyo pale waya unapoingia, na uangalie kama haijageuka, Kaskazi ikivuma huwa inaisokota.